Usalama wa mgonjwa tangu kuzaliwa hadi uzeeni: maswali tunayoulizwa wauguzi

Huku Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, mtu anaweza kuumwa kwa Kisamia, akaelezwa ugonjwa wake kwa Kiganda, akaandikiwa dawa kwa Kiingereza, kisha akafika nyumbani anakumbuka maneno ya Kiswahili tu. Ndipo ninapofanya kazi ya uuguzi. Maswali haya nimeyakusanya wodini, kwenye foleni ya dirisha la dawa na kwenye mabenchi ya kliniki ya wajawazito. Walioyauliza ni wachuuzi wa sokoni, madereva wa malori, wake wa askari na ndugu zetu Wakongo wanaopita hapa. Wengi waliniuliza kwa Kiswahili, nami nawajibu kwa Kiswahili.

Kwa nini sista ananiuliza jina kila anapokuja, na faili langu analo mkononi?

Kwa sababu hilo faili linaweza kuwa la mtu mwingine. Kwetu huku majina yanafuata saa na hali ya kuzaliwa. Aliyezaliwa usiku ni Bwire, na kama ni wa kike ni Nabwire. Mapacha wa kiume wa Kiganda ni Wasswa na Kato, wa kike ni Babirye na Nakato. Kwa jirani zetu Wajopadhola utawakuta Apio na Adongo. Sasa simama mlangoni mwa wodi ya akina mama uite "Nabwire!" uone wangapi watageuka. Tena mgonjwa mwenye homa kali huitikia jina lolote utakalomwita.

Ndiyo maana muuguzi aliyefundishwa vizuri hasemi, "Wewe ni Nabwire?" Husema, "Unaitwa nani, majina yote? Una miaka mingapi? Umetoka kijiji gani?" Kwa mtoto tunamuuliza mama. Kwa mtu asiyejitambua tunamuuliza aliyemleta, na tunamfunga utepe wa jina mkononi. Utepe wa kiwandani ukikosekana, kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu kinatosha. Baada ya jina tunakagua mambo mengine manne: dawa yenyewe, dozi, njia ya kuitoa na saa. Haya matano tunafundishwa mwaka wa kwanza wa chuo, nasi tunayarudia hadi siku ya kustaafu.

Nitawaeleza lililonipata nikiwa mgeni kazini, mahali ambapo sitapataja. Nilishika sindano ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Nikamuuliza mama aliyekuwa mbele yangu, "Ni wewe fulani?" Akasema ndiyo. Dada yake aliyekaa kwenye mkeka chini akaniita kwa Kiganda musawo, yaani mhudumu wa afya: "Musawo, huyu tangu tuje hajachomwa sindano. Yeye anameza vidonge." Nilirudi mezani miguu ikitetemeka. Faili lilikuwa la jirani yake, na jina la ukoo lilikuwa moja. Yule dada hakuwa na elimu ya dawa. Alikuwa ametazama tu, akasema alichokiona. Kwa hiyo sista akikuuliza jina mara ya tano kwa siku moja, mjibu, na ukiona jambo limebadilika ghafla, muulize na wewe.

Zamu inapobadilika wauguzi wanazunguka vitandani wakizungumza. Wanasema nini?

Wanakabidhiana wagonjwa. Anayetoka anamwambia anayeingia: huyu amelala vibaya, huyu dripu yake inaisha saa 4, huyu hajakojoa tangu asubuhi. Habari nyingi hupotea kwenye saa hiyo ya kupokezana, kwa hiyo tunapenda kuifanya kitandani, mgonjwa akisikia. Ukisikia wamesahau jambo lako, liseme papo hapo.

Mtoto amezaliwa mzima, analia vizuri. Mbona mnaendelea kumfunua na kumtazama?

Mtoto mchanga hana namna ya kusema anaumwa. Hata kulia hulia akiwa bado ana nguvu. Anayeelekea pabaya hunyamaza. Kwa hiyo muuguzi na mkunga husoma mwili wake: rangi ya midomo, joto la miguu, kifua kinavyopanda na kushuka, anavyonyonya.

Dakika ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Tunamkausha, tunamsugua mgongo, na asipovuta pumzi tunampa hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika haijaisha. Ndiyo sababu mkunga makini huweka kifaa hicho tayari kabla mama hajaanza kusukuma. Anayepumua vizuri tunamlaza kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na kitovu tunakibana baada ya dakika 1 hadi 3. Ndani ya saa ya kwanza anyonye.

Mabibi wengi huudhika tunapokataa mtoto aogeshwe siku hiyohiyo. Nawaelewa, maana kuogesha mtoto ni heshima. Lakini mchanga hupoteza joto haraka sana, na akipoa hushindwa kunyonya, sukari mwilini ikashuka, akalegea. Tunaomba mngoje angalau saa 24. Joto lake liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Aliyezaliwa na uzito wa chini ya gramu 2,500 tunamwangalia zaidi, na aliye mdogo sana tunambeba kwa njia ya kangaruu, amefungwa kifuani pa mama mchana na usiku. Baba pia anaweza, na wanaojaribu hawajuti.

Nyumbani, mrudishe mtoto bila kungoja asubuhi akikataa kunyonya, akishikwa na degedege, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akiwa na joto au akiwa baridi, akigeuka manjano hadi viganjani na nyayoni, au kitovu kikitoa usaha. Kitovu msikipake samadi, majivu wala mate. Kimekatwa kwa wembe safi, msikiharibu baadaye.

Kwa nini mtoto apimwe uzito kila akija, hata kama amekuja kwa kikohozi tu?

Kwa sababu dozi ya mtoto inafuata kilo zake. Watoto wawili wa umri mmoja wanaweza kuwa mmoja na kilo 8, mwingine kilo 14. Chukua parasetamoli, dawa ambayo kila duka inayo. Mtoto anatakiwa kupata miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, yaani huyu wa kilo 8 asipite miligramu 120 kwa mara moja. Kidonge cha mtu mzima kina miligramu 500. Mama akimpondea kidonge kizima kwenye kijiko, amempa zaidi ya mara 4 ya anachostahili, na akirudia kila homa inapopanda, anayeumia ni ini.

Hata kwa malaria kali ni hivyohivyo. Sindano ya artesuneti kwa mtoto aliye chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo. Kuanzia kilo 20 kwenda juu ni 2.4. Muuguzi anayekadiria kwa macho anacheza na maisha ya mtoto. Kama mizani imeharibika, aseme imeharibika na atafute nyingine.

Niongeze jambo linalonisumbua sana. Sindano hiyo hutolewa mtoto anapofika, baada ya saa 12, na tena baada ya saa 24, kisha hufuata vidonge vya siku 3. Wazazi wengi huondoka baada ya sindano ya kwanza kwa sababu mtoto amefumbua macho na ameomba chai. Vimelea vimepungua tu, havijaisha. Nimewapokea wengine siku ya nne wakiwa wamebebwa.

Nitajuaje kwamba mtoto wa chini ya miaka 5 hali yake si ya kungoja?

Hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ameshikwa na degedege, amelegea hataki kuamka: lolote kati ya hayo, panda boda boda saa hiyohiyo. Ukifika usikae kwenye foleni kwa adabu. Pita mbele, mwambie muuguzi wa mapokezi, "Mtoto wangu haamki." Kazi yake ya kwanza ni kuchambua nani aanze, na hakuna atakayekugombeza.

Pumzi unaweza kuihesabu mwenyewe kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya mwaka, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Kuanzia mwaka 1 hadi 5, ni 40. Mtoto anayehara anahitaji ORS, yaani maji ya chumvi na sukari, pamoja na zinki, na zinki aimeze siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma. Na ule utepe wa rangi tunaomzungushia mkononi hupima lishe: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na huyo hatumrudishi nyumbani na ushauri mtupu.

Chanjo ni kazi ya usalama pia?

Ndiyo, na karibu zote zinatolewa na wauguzi na wakunga. Zinaanza siku ya kuzaliwa, zinafuata za wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Uganda mwaka 2025, kwa watoto wa miezi 6, 7, 8 na 18. Wasichana wa miaka 10 wana chanjo yao ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Usitupe kadi. Ukikaa dakika chache baada ya sindano kama ulivyoombwa, muuguzi anaangalia kama mwili unakataa dawa.

Nilimleta binti yangu wa miaka 16, sista akaniomba nitoke nje. Ni heshima hiyo?

Ni heshima, mama, kwako na kwake. Kijana wa umri huo ana mambo ambayo hatayasema mzazi akimtazama: kwamba hajaona siku zake, kwamba kuna mtu anamlazimisha, kwamba amemeza dawa alizonunua kwa rafiki, kwamba hataki kuishi. Hapa Uganda takriban msichana 1 kati ya 4 wa miaka 15 hadi 19 ameshapata mimba au ameshazaa. Nikimpa dawa ya tumbo bila kujua ana mimba, nimemdhuru. Nikimuuliza mbele yako, atasema hapana.

Anachosema kinabaki kwetu, isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini au kuna mtu anayemdhuru. Hapo tutamwambia kwanza yeye kwamba lazima wengine wajue. Kipimo cha virusi vya Ukimwi, kuanzia miaka 12 anaweza kukubali mwenyewe. Wavulana nao wanastahili dakika hizo za faragha. Wao huja kwa kisingizio cha maumivu ya kichwa, na ukiwapa nafasi wanaeleza kilichowaleta.

Mke wangu yuko leba. Mbona wanamchungulia kila mara na hawamsaidii?

Kuchungulia huko ndiko msaada wenyewe. Mkunga ana karatasi ya mistari ambayo anaijaza tangu uchungu ukolee. Kila nusu saa anasikiliza moyo wa mtoto, ambao unatakiwa upige kati ya mara 110 na 160 kwa dakika, na anahesabu uchungu. Kila saa 4 anapima njia imefunguka kiasi gani. Alama zikivuka mstari, ni wakati wa kumwita daktari au kutafuta ambulensi, na kila dakika ya kubishana hapo ni ya hasara.

Naomba familia msimpe mama dawa za kuharakisha uchungu kisirisiri. Najua zipo, pamoja na ile ya udongo na mitishamba iitwayo emmumbwa. Zipo zinazoukaza mfuko wa uzazi kuliko mtoto anavyoweza kustahimili, na sisi tukiongeza ya kwetu bila kujua, mfuko unaweza kupasuka. Kama ameshakunywa, tuambieni. Hatutawafukuza. Ninachotaka ni kujua nini kimo mwilini mwake kabla sijamwongezea kingine.

Mtoto akishatoka, watu hushangilia na kuanza kupiga simu. Kwetu ndipo hofu inapoanza. Ndani ya dakika 1 mama anachomwa oksitosini, yuniti 10, ili mfuko wa uzazi ukaze na damu isimwagike. Dawa hiyo lazima iwe imekaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Muuguzi anayelinda friji umeme unapokatika anaokoa mama ambaye bado hajafika. Kisha kila dakika 15 mwanzoni tunaangalia presha, mapigo, damu na kama mfuko umekaza. Akipoteza nusu lita ya damu, hiyo ni dharura. Kitenge kikilowa, mtandike kingine na umwite sista mara moja. Usikifiche kwa aibu, maana bila kukiona hatujui ametoka damu kiasi gani.

Wakati wa mimba, kichwa kinachouma sana, macho kuona giza na uso kuvimba si uchovu wa kazi. Presha ya 140/90 kwa mjamzito tunaiangalia kwa karibu, na ikifika 160/110 hatoki mlangoni. Hicho ndicho kifafa cha mimba kinapoanzia. Mwaka 2016 utafiti wa kitaifa ulikadiria vifo vya akina mama 336 kwa kila vizazi hai 100,000. Wa mwaka 2022 ulikadiria 189. Tumeshuka sana, na bado hao 189 ni akina mama wenye watoto nyumbani.

Mimi ni mtu mzima, nimekuja na jeraha la mguu. Kwa nini mnipime presha na sukari?

Kwa sababu mtu mzima ndiye hujificha kuliko wote. Anafanya kazi, anabeba magunia, anasema "niko sawa" hadi siku anapoanguka. Jeraha lisilopona linaweza kuwa sukari.

Kama unaenda thieta, yaani chumba cha upasuaji, utaulizwa jina, utaulizwa unapasuliwa wapi, kulia au kushoto, na umekula saa ngapi. Usidanganye kuhusu chakula. Tumbo likiwa na posho, yaani ugali, ile dawa ya usingizi inaweza kukirudisha chakula juu kikaingia mapafuni.

Mzee wetu amelala tu, hasumbui mtu. Hali yake ni nzuri?

Swali hili hunitia wasiwasi kila ninapolisikia. Mzee asiyesumbua ndiye ninayemwendea kwanza. Kijana akipata nimonia hutetemeka kwa homa. Mzee anaweza asiwe na joto hata kidogo. Dalili yake ni kwamba jana alijua jina lako na leo anakuita kwa jina la kaka yake aliyekufa. Watu husema ni uzee. Uzee hauji kwa usiku mmoja. Mtu aliyechanganyikiwa ghafla ana ugonjwa: maambukizi, sukari iliyoshuka, maji kupungua, au dawa.

Dawa hasa. Mzee mmoja anaweza kuja na kaveera, yaani mfuko wa plastiki, wenye vidonge vya presha kutoka hospitali, vingine vya presha kutoka dukani vyenye jina tofauti lakini kazi ileile, vya miguu, vya usingizi na mizizi ya kuchemsha. Leteni mfuko wote. Muuguzi atavipanga mezani na kuuliza kila kimoja kinamezwa saa ngapi. Mara nyingi tatizo tunalolitafuta limo humo.

Halafu kuna kuanguka. Usiku anataka kukojoa, anaona haya kumwamsha mjukuu, anashuka kitandani peke yake kwenye sakafu yenye maji. Kuvunjika nyonga kwa mtu wa miaka 80 kunaweza kumlaza asisimame tena. Tunashusha kitanda, tunaweka chombo cha kukojolea karibu, tunamvalisha viatu visivyoteleza, na tunamwita Jajja, yaani babu au bibi: "Jajja, utaniita, sitachoka." Lazima tuseme hivyo, maana wazee wetu wamelelewa kutosumbua watu.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa 2, mchana na usiku. Ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, ikafa kimya. Angalieni kiuno, visigino na nyonga. Doa jekundu lisilopotea ukilibonyeza ni mwanzo wa kidonda. Msilikande, mwondoeni tu juu yake. Anapolishwa akae wima, tonge dogo, na asilazwe mara tu baada ya kula.

Ninayemlinda mgonjwa wodini, nifanye nini na nisifanye nini?

Wodi zetu bila nyinyi mnaolala kwenye mikeka zingesimama. Mnaosha, mnapika, mnalisha, mnageuza. Lakini kuna vitu si vya kugusa. Kile kigurudumu cha dripu usikizungushe ili iishe haraka muwahi kurudi nyumbani. Maji mengi kwa ghafla yanaweza kujaa mapafuni, hasa kwa mtoto na mzee. Usimimine uji wala dawa kwenye mpira wa puani kama hukufundishwa. Pakiwa na oksijeni, hakuna sigara, kiberiti wala jiko karibu. Usichukue dawa ya mgonjwa wa kitanda cha jirani hata kama ugonjwa unafanana.

Na ukitaka kutoka kwenda sokoni, mwambie muuguzi nani amebaki.

Mkono wa sista una glovu. Kwa nini bado anawe mikono?

Glovu humlinda yeye. Akitoka nazo kitanda hiki hadi kile, wewe hukulindwa. Mikono inatakiwa kusafishwa kabla ya kukugusa, kabla ya kazi safi kama kuchoma sindano, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kukugusa, na baada ya kugusa vitu vilivyokuzunguka. Kwa sabuni na maji ni sekunde 40 hadi 60. Kwa dawa ya kupaka ni 20 hadi 30. Una ruhusa ya kusema, "Sista, tafadhali nawa kwanza." Mimi nikiambiwa hivyo, nanawa.

Uganda tumejifunza hili kwa uchungu. Mwaka 2000 Ebola iliingia Gulu, kaskazini mwa nchi. Waliougua walikuwa 425 na waliofariki 224. Katika hospitali ya Lacor hukohuko Gulu, wauguzi waliendelea kuingia wodini wakijua wenzao wanakufa, na daktari aliyekuwa akiwaongoza, Matthew Lukwiya, alifariki Desemba mwaka huohuo. Mwezi Januari 2025 ugonjwa ulipotangazwa tena, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa muuguzi wa hospitali ya Mulago, Kampala, naye alikuwa ameshafariki. Tunapokuuliza ulikosafiri na uliyemzika hivi karibuni, hatukushuku kwa kabila wala kwa nchi uliyotoka.

Mgonjwa wetu anaongezewa damu. Tuangalie nini?

Wahudumu wawili wakague jina na kundi la damu kabla ya kuifungua. Dakika 15 za mwanzo muuguzi asiende mbali. Mgonjwa akianza kutetemeka, kuwashwa, kuumwa mgongo au kukosa pumzi, piga kelele. Damu itafungwa kwanza, maswali baadaye. Chupa moja isizidi saa 4.

Usiku tulimkuta muuguzi mmoja kwa wodi nzima. Usalama uko wapi hapo?

Unauliza haki yako. Sitatetea. Muuguzi mmoja hawezi kugeuza wazee kila saa 2, kuangalia mama aliyejifungua kila dakika 15 na kupima watoto wote wenye malaria kwa wakati mmoja. Anachofanya ni kuchagua, na kuchagua huko kunatuumiza. Tunapoomba waajiriwe wengine, tunaomba kwa ajili ya mgonjwa anayengoja.

Usiku huo unaweza kusaidia kwa kumpa habari fupi na kamili. Badala ya "Musawo, njoo!", sema, "Kitanda cha 6, mtoto alikuwa anapumua vizuri, sasa kifua kinabonyea." Maneno hayo yanamwambia aache nini na akimbilie wapi. Na akikujibu kwa ukali, jambo ambalo si sawa, mwambie tena.

Kosa likitokea, nimwambie nani?

Anza na muuguzi mkuu wa wodi au msimamizi wa kituo. Hati ya haki za wagonjwa ya mwaka 2009 inakupa haki ya kuelezwa ugonjwa wako na tiba yako, kukubali au kukataa, kutunziwa siri na kulalamika. Kama ni mwenendo wa muuguzi au mkunga, liko Baraza la Wauguzi na Wakunga, lililopo kwa sheria ya mwaka 1996, ambalo ndilo husajili na linaweza kumfutia mtu usajili. Wizara ya Afya ina simu isiyo na malipo, 0800 100 066.

Kwa wenzangu wauguzi: andikeni kosa lililotokea, hata lile lililokaribia tu kutokea. Kosa linalofichwa zamu hii hurudiwa zamu ijayo na mtu mwingine asiye na habari.

Nitajuaje kwamba anayenichoma sindano kwenye kliniki ya mtaani ni muuguzi kweli?

Omba kuona leseni yake. Koti jeupe si leseni. Angalia kama sindano imefunguliwa mbele yako na kutupwa kwenye boksi maalumu, na kama anakuandikia alichokupa. Dawa zenye chapa ya serikali haziuzwi; ukiuziwa, umeibiwa mara mbili. Kwenye vituo vya serikali ada ilifutwa mwaka 2001, isipokuwa wodi za kulipia.

Sijui Kiganda wala Kiingereza. Nitaelewaje maagizo?

Sema mapema, "Naomba Kiswahili." Katiba yetu tangu marekebisho ya mwaka 2005 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na vituoni, hasa mipakani, hukosi mtu anayekisema. Usimtumie mtoto wako kuwa mkalimani wa mambo ya uzazi au ya kifo. Muuguzi akimaliza kukueleza, mrudishie kwa maneno yako: "Kwa hiyo namwamsha saa 2 usiku nampa kimoja, na asubuhi saa 2 kingine." Saa zenyewe zina mtego. "Eight" ya Kiingereza ni saa 2 yetu, na nimeona mama akimpa mtoto dawa saa 8 ya usiku kwa utiifu kabisa.

Tumeruhusiwa. Tuondoke na nini?

Na kile kitabu cha shule tunachowaandikia, kikiwa kimejazwa: ugonjwa, dawa, siku ya kurudi. Kila bahasha ya dawa iwe na jina la mgonjwa na jina la dawa, si ile michoro ya mara ngapi tu. Ujue dalili gani ikirudi mrudi usiku huohuo. Kama kanula, ule mrija mdogo wa dripu, bado iko mkononi, msiondoke. Mwambieni sista aitoe kwanza.